Kofi Lililobaki Wazi

Nchi yenyewe ipo, ila jina lake halitajwi hapa, maana ina sheria inayosema nani alitaje na kwa sauti gani. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi iliyookoka. Si watu wake tu. Nchi yenyewe, pamoja na madaraja, mabwawa na kiwanda cha saruji, iliokoka kwa tangazo la redio asubuhi ya Jumatano, na kufikia mchana kila raia alitakiwa awe ameshafurahi.

Tangu siku hiyo kulikuwa na Wizara ya Wokovu, na chini yake Kikosi cha Habari Njema. Kikosi hicho kilisambaza habari njema kwa malori. Askari wake walibeba virungu vyenye neno UPENDO, herufi zikiwa zimetokeza nje, ili aliyepigwa vizuri aondoke na neno mgongoni hata kama hajui kusoma. Lile gari la maji ya kuwasha, ambalo zamani lilitumika kutawanya watu, lilipakwa rangi nyeupe likaitwa Yordani. Lilizunguka mitaani, na kila liliyemlowesha alihesabiwa amebatizwa. Mvua haikuhesabiwa, kwa sababu haikuagizwa na wizara.

Damari, ambaye majirani walimwita Mama Yusta, alikuwa Mkristo kabla ya nchi. Alibatizwa akiwa msichana, na katekista aliyefika kijijini kwao kwa miguu, akaomba maji ya kunywa, akakaa nao msimu mzima akilima nao, na ndipo siku moja akaulizwa ni kitu gani kinachompa moyo wa kulima mashamba ya watu wasio ndugu zake. Akaeleza. Kwa hesabu za wizara, huyo katekista alikuwa mvivu. Msimu mzima, familia tatu!

Mumewe Damari, Lugembe, hakuwa Mkristo. Alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi, na kila asubuhi kabla hajafungua kazi alimwaga maji kidogo kizingitini kuwasalimu wazee wake. Damari aliamka akamsalimu Mungu wake, Lugembe akawasalimu wazee wake, kisha wakanywa chai moja. Waliishi hivyo hadi binti yao Yusta akakua, akaolewa mbali, na hakuna siku nyumba iliungua.

Hilo serikali haikulipenda. Ikatangaza kwamba ndoa ya muumini na asiyeamini si ndoa, na lori likaja kumchukua Lugembe. Lilimpeleka Shule ya Furaha.

Shule ya Furaha ilikuwa na ukuta mrefu na seng'enge juu yake. Aliyeingia alifundishwa kuamini, na hakutoka mpaka aamini kwa furaha. Kuamini tu hakukutosha, maana wapo walioamini siku ile ile ya kwanza, kwa hofu, na Mkaguzi wa Furaha akawarudisha darasani. Wake zao hawakuambiwa shule iko wapi. Kujua kungewapunguzia imani.

*

Damari alikuwa anakaanga mihogo nje ya lango la Uwanja wa Amani. Siku ya Mkutano Mkuu wa Injili aliacha karai lake kwa jirani, akaingia, akakaa safu ya mbele kabisa. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa safu ya mbele haina mtu anayeigombea katika nchi ile.

Aliyehubiri alikuwa Mheshimiwa Kanali Mwinjilisti Silvano Gambamara, mkuu wa Kikosi, mtu mnene wa shingo, mwenye nishani za vita kifuani na msalaba juu ya nishani. Alihubiri juu ya amani. Alisema amani ikikataliwa italetwa. Redio ilirusha hotuba moja kwa moja nchi nzima, na kwaya ya taifa ikajibu "Amina" kila Kanali alipovuta pumzi.

Kwenye ratiba kulikuwa na kipengele cha maswali. Kilikuwepo kwa ajili ya wageni wa ubalozi, waone. Kanali akauliza kama kuna mwenye swali, huku tayari akikunja karatasi zake.

Damari akasimama. "Mimi ninalo."

Uwanja mzima ukageuka.

"Mume wangu mmempeleka wapi?" akauliza.

Kanali akashuka jukwaani taratibu, akitabasamu kwa ajili ya mabalozi. Akamkaribia. Akainua mkono wake juu sana, akamchapa kofi shavu la kulia, kofi ambalo redio ililipeleka hadi mipakani.

Sasa hapo ni lazima ieleweke sheria. Nchi hiyo ilikuwa na Sheria ya Shavu la Pili. Mtumishi wa serikali akimpiga kofi raia muumini, raia anageuza shavu la pili. Akishapigwa na la pili, mashahidi wanasema "Amina," na makofi yote mawili yanakuwa ibada. Lakini shavu la pili lisipotolewa, au "Amina" isiposemwa, kofi la kwanza linabaki wazi, na kofi lililo wazi ni kosa la jinai. Kifungu hicho cha mwisho wabunge walikiweka ili wahisani wa nje waone kwamba haki inajaliwa. Hawakuona hatari yoyote. Hakuwahi kutokea raia aliyebakiza shavu.

Hata Damari angegeuzwa kwa nguvu siku ile, kama si kiongozi wa bendi. Yeye alikuwa ameambiwa tangu asubuhi: Kanali akiinua mkono juu, pigeni wimbo wa taifa. Akauona mkono. Akapiga. Na wimbo wa taifa ukianza, hakuna ruhusa ya kutikisika, hata kwa Kanali. Wimbo wenyewe una beti za kutaja mikoa yote, mmoja mmoja. Ulipokwisha, msafara ulikuwa umechelewa kwenda kufungua mkutano mwingine, madereva wanapiga honi, na Kanali akaondoka mbio.

Damari akarudi kwenye karai lake. Shavu moja lilikuwa limevimba. Jingine halikuwa na kitu.

*

Baada ya hapo Kanali aliteuliwa kuwa Waziri wa Wokovu. Ofisi ya viapo ikapekua mambo yake kama desturi ilivyo. Watu aliowazika hawakuleta shida, maana walizikwa kwa utaratibu. Vijiji alivyovichoma havikuleta shida, maana vilichomwa kwa maombi. Likapatikana kofi moja. Lilikuwa wazi, nchi nzima ililisikia, na mwenye kosa la jinai haapishwi.

Kwanza akatumwa Hezroni, mwenyekiti wa mtaa, mtu aliyekuwa akila mihogo ya Damari karibu kila siku na kusahau mfuko wake wa pesa nyumbani karibu kila siku.

"Shemeji," akasema, akichuchumaa kando ya jiko, "nasikia una shavu la watu."

"Shavu langu hili, Hezroni. Nilizaliwa nalo."

"Najua, najua. Lakini limeshaingia serikalini. Hebu toa tu, shemeji! Kofi lenyewe dogo. Mimi nimeshapigwa mara ngapi? Si mimi huyu hapa, meno yote ninayo."

"Huna la mbele."

"Hilo nilianguka."

"Uliangukia mkono wa nani?"

Hezroni akaangalia huku na huku. Akachukua kipande cha muhogo, akakitia pilipili. "Wanasema watakujengea kibanda. Cha bati. Chenye jina lako."

"Waambie wanijibu. Niliuliza mume wangu yuko wapi, nikapigwa. Kwa hiyo sasa nina maswali mawili. Mume wangu yuko wapi, na nilipigwa kwa nini. Kanali akijibu, tutazungumza habari za mashavu."

"Shemeji, hayo si maswali ya kumuuliza mtu mwenye bunduki."

"Nimuulize nani sasa? Wewe?"

Hezroni akaondoka na kipande cha pili, na bado hakulipa.

*

Kisha akaja Askofu Mkuu wa Taifa, Baba Askofu Teofilo, ambaye kanisa lake lilipewa magari na yeye akaipa serikali Maandiko, kila mmoja akaona amepata zaidi ya mwenzake. Alikuja na kiti chake, kikibebwa na mashemasi wawili. Kikawekwa mbele ya karai, juu ya maganda ya mihogo.

"Binti yangu," akaanza, "Mungu ni upendo, na upendo hauhesabu mabaya. Moyo mgumu ni shamba la shetani. Taifa zima linakutazama. Je, utalinyima taifa baraka kwa ajili ya uchungu wako binafsi?"

Damari akafuta mikono kwenye khanga. "Shikamoo, Baba Askofu."

"Marahaba. Toa shavu, mwanangu."

"Siku ile nilipopigwa, Baba, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa jukwaani."

"Ulifanya nini?"

"Nilisimama."

"Kwa ajili yangu?"

Askofu akakohoa. "Kwa ajili ya wimbo wa taifa."

Wateja waliokuwa wakila wakaacha kutafuna. Mmoja akainamia sahani ili asionekane anacheka.

"Binti, huna msamaha ndani yako," Askofu akasema, sauti ikapanda. "Hiyo ndiyo shida. Huna msamaha!"

"Ninao, Baba. Kanali nimeshamsamehe. Nilimsamehe siku ile ile, naosha mihogo, nikilia. Nikimkuta njiani ana kiu nitampa maji. Lakini nyie hamjaja kutafuta msamaha wangu. Mngekuja kuutafuta, mngekuwa mmekubali kuna kosa. Mmekuja kutafuta shavu langu ili kosa lisiwepo."

"Bwana ameagiza kugeuza shavu!"

"Ameagiza anayepigwa. Hajamwagiza anayepiga aje kulidai." Akageuza vipande kwenye mafuta. "Kitu cha kutoa kikidaiwa na askari, Baba, kinaitwa jina jingine. Na mume wangu mnamfundisha upendo nyuma ya seng'enge. Miaka yote tumelala kitanda kimoja na sijamlazimisha kusali, wala yeye hajanifunga mdomo nisisali. Nyie mnamwogopesha ili iwe nini? Mungu amekosa watu?"

Askofu akasimama. Joho lake lilikuwa limeshika mafuta. Mashemasi wakabeba kiti.

"Utajuta," akasema.

"Mume wangu yuko wapi?" akauliza Damari.

Usiku huo kijiwe chake kilibomolewa. Asubuhi akakuta karai limekanyagwa na gurudumu. Akaazima jingine, akaweka mafiga pale pale, akawasha moto. Hakuwa jasiri wa kuimbiwa. Alikuwa na hofu kama mtu mwingine yeyote. Alichokuwa nacho zaidi ni nyumba yenye chai ya mtu mmoja, na hiyo ilimtisha kuliko Kanali.

*

Askofu hakuwa mjinga. Alirudi kwenye maktaba yake, akafunga mlango, akatoka akiwa na jambo ambalo halikuwahi kuwaziwa na mwanatheolojia yeyote. Imeandikwa kwamba mume na mke ni mwili mmoja. Mwili mmoja una mashavu mawili. La mke limeshapigwa. Basi la pili lipo, limehifadhiwa salama kwa gharama za serikali, Shule ya Furaha!

Baraza la Mawaziri lilipiga makofi, ya furaha.

Siku ya kuapishwa Uwanja wa Amani ukajaa, kwa sababu malango yalifungwa kwa nje. Damari alifuatwa na askari wanne, akapelekwa hadi jukwaani. Kwaya ilikuwepo, mabalozi walikuwepo, redio ilikuwepo. Kisha lori likaingia, likamshusha mtu mwembamba, nywele zimenyolewa, kola ya shati ikimpwaya. Damari hakumtambua mpaka alipoiona mikono. Grisi ya miaka haikutoka hata Shule ya Furaha.

"Baba Yusta," akasema.

"Mama Yusta. Umekonda."

"Mimi? Umejiona wewe?"

"Kimya!" Askofu akashika kipaza sauti, akaeleza taifa habari za mwili mmoja. Alieleza kwa ufasaha. Alipomaliza, Kanali akavua saa yake ya mkononi, akakunja mkono wa shati, akamkaribia Lugembe.

"Geuza shavu," akasema.

"Hapana," akasema Lugembe.

"Ni sheria!"

"Sheria ya waumini. Mimi mmeniambia kila siku kwamba siamini. Mmenipiga mgongoni, miguuni, kote mlikotaka. Shavuni hamkunigusa, mkasema hiyo ni heshima ya Wakristo."

Mnong'ono ukapita uwanjani. Kanali akamtazama Askofu. Askofu akafikiri haraka, kama mtu anayeona daraja linakatika na yeye yuko katikati.

"Basi unahitimu sasa hivi," akasema. "Lugembe, je, unaamini?"

"Siamini."

Mkaguzi wa Furaha akaitwa mbio. Alimchunguza Lugembe usoni. Lugembe alikuwa anamtazama mkewe, na kweli alikuwa anatabasamu, maana hakuwa amemwona kwa muda mrefu.

"Ana furaha," Mkaguzi akatangaza. "Tena ya kweli. Sijawahi kuiona hapa."

"Amehitimu!" Askofu akapaza sauti. "Tangu dakika hii ni muumini, ni mtu huru, na ni mume halali wa mwanamke huyu!"

"Yuko huru?" Damari akauliza.

"Yuko huru! Nimeshasema mbele ya taifa. Kanali, endelea."

Kanali hakusubiri zaidi. Akainua mkono. Damari akapita mbele ya mumewe, akasimama katikati yao.

"Kwanza sema. Unampiga kwa nini?"

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Swali likaenda hadi mipakani, kama lilivyokwenda lile kofi.

Kanali akafungua mdomo. Alikuwa na majibu mengi kwa maswali mengine. Alijua kwa nini vita, kwa nini kodi, kwa nini mahabusu. Kwa hili alitafuta kulia na kushoto, asione kitu. Basi akampita Damari kwa mkono mrefu, akamchapa Lugembe shavu la kushoto. Kofi likalia.

Kilichobaki kilikuwa neno moja tu, "Amina," na neno hilo katika nchi ile lilitoka lenyewe, kama chafya.

Halikutoka.

Hakuna aliyepanga. Mwalimu wa kwaya alikuwa ameinama akitafuta miwani yake, nayo iko usoni. Sauti ya kwanza ilisubiri sauti ya pili, na ya pili ilisubiri besi. Wananchi walisubiri kwaya. Hezroni, aliyekuwa amesimama karibu na lango, alikuwa na ulimi kwenye pengo la jino lake na akaona vigumu kuutoa. Kimya kikakaa. Kwa mara ya kwanza tangu nchi iokoke, uwanja mzima ulikuwa unafikiri.

"Semeni Amina!" Kanali akanguruma.

Akamrukia mwalimu wa kwaya, akamnasa kofi. "Anzisha!"

Mwalimu akashika shavu, akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeamshwa. "Kwa nini, Mheshimiwa?"

Kofi la tatu, nalo wazi. Kanali akaona amezidi kuharibu, akataka kulifunga kwa shavu la shemasi. "Kwa nini?" akauliza shemasi. Akampiga Mkaguzi wa Furaha, naye akauliza, tena kwa huzuni. Kila kofi lilihitaji jingine, na kila lililofuata lilifungua shauri jipya. Mabalozi walikuwa wanaandika. Kutoka majukwaa ya juu, kule wanakokaa watu wasio na majina, sauti moja ikauliza, "Na mwaka juzi mlinipiga mimi, kwa nini?" Mwingine akauliza habari za kaka yake. Kisha hakukuwa tena na mwingine na mwingine, ulikuwa uwanja mzima, na hakuna aliyerusha hata jiwe.

Damari akamshika mumewe mkono, wakashuka ngazi. Askari waliwaona. Lakini askari wa nchi hiyo hawakufundishwa kufanya jambo bila amri, na mtoa amri alikuwa na kazi za mikono. Mmoja akawafungulia lango. Alipoulizwa baadaye, alisema muumini aliyehitimu hana sababu ya kukaa ndani.

*

Walitembea kando ya barabara. Lugembe alikwenda polepole kwa sababu ya miguu. Kelele za uwanja zilikuwa zinawafuata nyuma, na mbele yao kulikuwa na malori yakielekea huko, yamejaa.

"Watatufuata," akasema Damari.

"Watakuja, ndiyo."

"Hawajaniambia kwa nini."

"Hawana." Lugembe akagusa shavu lake. "Kule ndani wametusomea mambo mengi ya huyo Bwana wako. Asubuhi, mchana na jioni, na kirungu mezani. Hakuna hata siku moja waliyotusomea kwamba yeye alipigwa kofi. Alipigwa?"

"Alipigwa. Amefungwa mikono, mbele ya kuhani mkuu. Askari mmoja alimpiga."

"Akageuza la pili?"

"Alimuuliza kwa nini unanipiga."

Lugembe akasimama. Lori likapita karibu yao, vumbi likawafunika wote wawili. Akasubiri litulie.

"Akajibiwa?"

"Hakujibiwa. Walimpeleka kwa mkubwa mwingine."

"Hebu niambie habari zake, huyo," akasema Lugembe. "Tangu mwanzo."

"Mimi sijawahi kukuhubiria, Baba Yusta."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Ni hadithi ndefu. Na hao watatukamata kabla hatujafika nyumbani."

"Basi wewe anza," akasema. "Wakitukamata utamalizia huko huko ndani. Wapo wengi kule ambao hawajaisikia."